Multimita Inaonyesha Mikrovolti 40 Hata Mkondo Ukiwa Umekatwa: Kosa Liko Wapi?

SWALI: "Mimi ni mwalimu wa umeme wa majumbani katika chuo cha ufundi. Ninataka wanafunzi wangu wapime vipande vya waya wa 2.5 (yaani wenye eneo la milimita za mraba 2.5) vyenye urefu wa mita moja, ili wajue kama ni shaba halisi na kama unene wake ni ule ulioandikwa. Ninapitisha mkondo wa miliampea 100 kutoka kwenye saketi ndogo niliyoitengeneza kwa LM317 (chipu ya kudhibiti volteji na mkondo) na betri ya volti 12, kisha ninapima volteji kwa multimita ya mezani inayosoma hadi mikrovolti 1. Ninatarajia takriban mikrovolti 700, lakini namba hazitulii: asubuhi hupata 690, mchana 775, na nikigusa vibanio huruka zaidi ya hapo. Kinachonishangaza ni kwamba hata nikikata mkondo kabisa, multimita hubaki ikionyesha karibu mikrovolti 40. Nimejaribu kuchukua wastani wa vipimo vingi bila mafanikio. Je, ninunue multimita yenye tarakimu nyingi zaidi, au nitengeneze amplifaya?"

JIBU: Ndugu mwalimu, usinunue kitu chochote kwanza. Katika maelezo yako yote, jambo lenye thamani kubwa kuliko mengine ni zile mikrovolti 40 zinazobaki baada ya mkondo kukatwa. Waya usiopitisha mkondo hauwezi kuwa na volteji inayotokana na ukinzani wake, kwa hiyo kinachosomwa hapo kinatoka mahali pengine, na kinaendelea kuwepo, kikijumlishwa au kutolewa kimyakimya, hata unapowasha mkondo. Tukijua kinakotoka, sehemu kubwa ya tatizo lako itakuwa imekwisha.

Tuanze na ukubwa wa kile unachokitafuta, kwa sababu bila hilo hatuwezi kusema kosa ni kubwa au ni dogo. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60228 hakiupimi waya wa 2.5 kwa kuangalia unene wake kwa rula. Kinasema kwamba waya wa shaba wa ukubwa huo, usiopakwa metali nyingine na ulio wa aina ya kawaida ya kufungia nyumba, usiwe na ukinzani unaozidi ohmu 7.41 kwa kilomita katika nyuzi 20 za Selsiasi. Hiyo ni miliohmu 7.41 kwa kipande chako cha mita moja, yaani mikrovolti 741 kwa mkondo wa miliampea 100. Shaba safi yenye eneo la milimita za mraba 2.5 kamili ingekupa takriban mikrovolti 690. Alumini, ambayo hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 tu ya shaba, ingekupa zaidi ya mikrovolti 1,100 kwa unene uleule, na waya wa alumini uliovishwa ganda la shaba huangukia kidogo chini ya hapo kutegemea unene wa ganda lenyewe.

Kwa hiyo maswali yako mawili hayana ugumu sawa. Kama nia ni kumtambua muuzaji anayeuza alumini iliyovishwa shaba, chombo chako kinatosha hivi kilivyo leo, kwa kuwa tofauti ya mikrovolti 400 haiwezi kufichwa na kosa la mikrovolti 40. (Hata kisu kidogo cha kukwangulia kitakuonyesha weupe wa alumini chini ya ganda, na wanafunzi hulipenda zoezi hilo.) Ugumu uko kwenye unene. Waya halali na waya uliopunguzwa kidogo hutofautiana kwa asilimia chache tu, na mikrovolti 40 ni zaidi ya asilimia 5 ya unachokipima. Kosa la namna hiyo linatosha kuukataa waya mzuri au kuupitisha mbaya.

Kuna dhana mbili ambazo nazikuta mara kwa mara, na zote mbili zimo ndani ya swali lako. Ya kwanza ni kwamba tarakimu nyingi zaidi ni usahihi zaidi. Multimita inayosoma sehemu ya kumi ya mikrovolti itakuonyesha uongo uleule wa mikrovolti 40 kwa maandishi marefu zaidi, kwa sababu volteji hiyo ipo kweli kwenye ncha za waya zako na multimita inafanya kazi yake kwa uaminifu inapoisoma. Ya pili ni kwamba wastani wa vipimo vingi husafisha kila kitu. Wastani hupunguza yale makosa yanayopanda na kushuka ovyo pande zote mbili za thamani halisi. Kosa linalosukuma upande mmoja tu halipungui hata ukipima mara elfu moja, na hilo ndilo ulilo nalo.

Sasa tuje kwenye chanzo. Mwaka 1821 Thomas Seebeck aligundua kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa kuwa mzunguko, na maungio yake yakawa na halijoto tofauti, athari huzaliwa ndani ya mzunguko huo, athari ambayo baadaye ilieleweka kuwa ni ya umeme. Ndiyo kanuni inayotumika kwenye vipimajoto vya tanuri: waya za aina ya K hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya halijoto. Saketi yako nayo ni kipimajoto, ingawa hukukusudia hivyo. Waya wa shaba umebanwa na kibanio cha chuma kilichopakwa nikeli, kibanio kimeshikwa na waya wa multimita, huenda kwa risasi ya kulehemia, na waya huo umeingia kwenye tundu la shaba nyeupe au njano. Kila mahali metali zinapobadilika pana uwezekano wa volteji ndogo. Kama maungio ya upande wa kulia na ya upande wa kushoto yana halijoto moja, volteji hizo hufutana kabisa. Yakitofautiana kwa nyuzi moja au mbili, kinachobaki ndicho unachokisoma.

Ukubwa wake unategemea sana ni metali gani zimekutana. Shaba safi kwa shaba safi hutoa chini ya mikrovolti 0.2 kwa kila nyuzi. Shaba na risasi ya kulehemia hutoa kati ya mikrovolti 1 na 3. Shaba na konstantani, aloi inayotumika kwenye baadhi ya vikinzani, hutoa karibu 40. Mbaya kuliko zote ni shaba iliyogusana na oksidi yake yenyewe, yaani ule weusi unaoonekana juu ya waya uliokaa wazi kwa muda mrefu: hapo volteji inaweza kufikia mikrovolti 1,000 kwa nyuzi moja. Ukibana waya mweusi kwa kibanio kilichochakaa, kisha ukakigusa kwa vidole vyenye joto la mwili, usishangae namba kuruka.

Thibitisha kabla ya kuniamini. Kata mkondo, kisha chomeka kipande kifupi cha waya wa shaba uliokwanguliwa vizuri moja kwa moja kwenye matundu mawili ya multimita, subiri dakika chache, usome. Namba utakayoiona ni kosa la multimita yenyewe, na kwa chombo cha mezani kilichowashwa kwa saa moja hivi inapaswa kuwa mikrovolti chache tu. Baada ya hapo rudisha waya zako za kupimia, ziunganishe ncha kwa ncha, usome tena, kisha shika kibanio kimoja kwa vidole na uhesabu hadi ishirini. Namba ikipanda ulipokishika na ikarudi taratibu baada ya kukiachia, umemkamata mhalifu. Ningeitazama pia ile saketi ya LM317. Kwa betri ya volti 12 na miliampea 100, inatoa joto la takriban wati moja, na kama imewekwa karibu na kibanio kimoja kuliko kingine, inakipasha joto kibanio hicho siku nzima. Jua la dirishani na feni inayozunguka hufanya kazi hiyohiyo, na pengine ndiyo maana asubuhi yako haifanani na mchana wako.

Tiba ya kwanza ni kupunguza chanzo. Kwangua waya kwa msasa laini hadi shaba ing'ae muda mfupi kabla ya kupima. Badala ya vibanio vya chuma, tumia skrubu au vipande vya shaba vinavyobana moja kwa moja, na waya wa kupimia uwe wa shaba tupu hadi kwenye matundu ya multimita. Kalisha maungio mawili ya volteji juu ya ubao mmoja, yafunike kwa boksi au kitambaa ili upepo usiyafikie, kisha uondoe mikono na usubiri. Subira hii huwashinda wanafunzi wengi, lakini dakika tano za kutogusa kitu mara nyingi huleta faida kubwa kuliko kifaa kipya.

Tiba ya pili ndiyo ninayoitegemea zaidi, nayo ni kugeuza mwelekeo wa mkondo. Mfanyabiashara mwenye mizani ya mikono miwili iliyoinama anaweza bado kupata uzito wa haki akipima mara mbili, mzigo ukiwa kulia kisha kushoto, na akachukua kati ya majibu hayo mawili. Hapa tunafanya vivyo hivyo. Ukigeuza mkondo, volteji ya ukinzani hubadili alama kutoka chanya kwenda hasi. Volteji ya joto haijali mkondo unaelekea wapi, hivyo hubaki ilivyo. Tuseme umesoma +775 mkondo ukienda mbele na −695 ukirudi nyuma. Nusu ya tofauti ya namba hizo mbili ni 735, nayo ndiyo volteji halisi ya waya. Nusu ya jumla yake ni 40, ambazo ni zilezile ulizoziona mkondo ukiwa umekatwa. Kosa la ndani la multimita pia huondoka kwa njia hii hii, mradi halibadiliki kati ya vipimo viwili.

Sharti hilo la mwisho lina uzito wake. Kama halijoto inaendelea kupanda taratibu wakati unapima, kosa la kipimo cha kwanza si sawa na la kipimo cha pili. Pima basi mara tatu kwa nafasi sawa za muda: mbele, nyuma, mbele. Jumlisha cha kwanza na cha tatu, toa mara mbili ya cha pili ukizingatia alama yake, kisha ugawanye kwa nne. Mabadiliko yanayokwenda kwa mwendo wa kulingana yatajifuta yenyewe. Geuza mkondo kwa swichi ya njia mbili yenye ncha sita iliyowekwa upande wa chanzo cha mkondo, ambako volteji zake za joto haziingii kwenye kipimo. Usizigeuze waya za multimita badala ya mkondo: ukifanya hivyo utaondoa kosa la ndani ya chombo tu, huku volteji za vibanio zikigeuka pamoja na ishara unayoitafuta, tena utakuwa umevigusa viungio ulivyovisubiri vitulie.

Kuna makosa ambayo kugeuza mkondo hakuyagusi, na hapa sina budi kukuuliza jambo ambalo hukulitaja: je, vibanio vya mkondo na vya volteji ni vilevile? Kama ni viwili tu, unapima waya pamoja na ukinzani wa kibanio, ambao kwa urahisi hufikia miliohmu kadhaa, sawa na waya wenyewe. Kosa la namna hii huwezi kuliona mkondo ukiwa umekatwa, na ukigeuza mkondo linageuka nalo. Lazima viwe vinne: viwili vya nje vinaingiza mkondo, viwili vya ndani, vikiwa sentimita chache kutoka vile vya nje, vinasoma volteji. Kwa kuwa multimita karibu haivuti mkondo wowote, ukinzani wa vibanio vya ndani hauna athari. Urefu unaoupima ni umbali kati ya vile viwili vya ndani, si urefu wa kipande kizima, na milimita moja ya makosa katika mita moja ni asilimia 0.1.

Mkondo wenyewe pia usiuamini kwa jina lake. Volteji ya rejea ya LM317 inaruhusiwa na watengenezaji kuwa popote kati ya volti 1.20 na 1.30, hivyo "miliampea 100" zako zinaweza kuwa 96 au 104 hata bila kuhesabu kosa la kikinzani ulichokitumia. Upime mkondo halisi kila mara.

Halafu kuna halijoto ya waya. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi. Turudi kwenye mfano wetu: mikrovolti 735 kwa miliampea 100 kamili ni miliohmu 7.35, lakini kama karakana yako ina nyuzi 29, igawanye kwa 1.035 upate miliohmu 7.10 katika nyuzi 20. Waya huo uko ndani ya kiwango kwa nafasi ya kutosha. Lakini ukiichukua ile 775 peke yake, bila kugeuza mkondo na bila kusahihisha halijoto, ungepata 7.75 na kumwambia mwenye duka kwamba ameuza waya mbovu.

Hata hivyo, njia bora kabisa ya kupima volteji ndogo ni kutoiacha iwe ndogo. Ongeza mkondo hadi ampea 1 na utapata milivolti 7 badala ya 0.7, wakati kosa la mikrovolti 40 limebaki palepale, yaani limeshuka hadi karibu asilimia 0.6 kabla hujageuza chochote. Joto linalozalishwa ndani ya waya ni takriban miliwati 7 kwa mita, kiasi kisichostahili kukusumbua. Kwa ampea 10 joto hilo linafika robo tatu ya wati na waya utaanza kupata moto kwa kiasi kinachobadilisha jibu, hivyo sioni sababu ya kwenda huko. Kumbuka tu kwamba kwa ampea 1 na betri ya volti 12, karibu wati 10 zitakuwa joto ndani ya LM317. Ifunge kwenye bati nene la alumini la kupozea na uiweke mbali na vibanio vya volteji. Ukipata betri ya volti 6, mzigo huo utapungua zaidi ya nusu. Na kama una roli zima la mita 100 ambalo halijakatwa, ampea 1 itakupa karibu volti 0.7, ambazo multimita yoyote nzuri ya mkononi huzisoma bila taabu. Hapo swali litakalobaki ni kama mita 100 za kwenye lebo ni mita 100 kweli.

Kuhusu umeme wa gridi sitakawia, maana dalili zako hazielekezi huko. Nyaya za ukutani zina usumaku unaobadilika mara 50 kwa sekunde, na waya zako mbili za kupimia zikiachana hutengeneza kitanzi kinachounasa. Kitanzi cha sentimita za mraba 100 ndani ya usumaku wa mikrotesla 1 hupata mikrovolti 3 hivi. Zisokote waya hizo mbili pamoja na tatizo litapungua sana. Kama multimita yako inakuruhusu kuchagua muda wa kipimo, chagua milisekunde 20 au zidisho lake, kwa sababu katika muda huo wimbi la hezi 50 hukamilisha mzunguko mzima na kujifuta. Chuo kikiwa kinatumia jenereta, ufutaji huo hudhoofika, kwani mwendo wa jenereta hauko hezi 50 kila dakika. Weka simu mbali pia. Betri uliyochagua kwa ajili ya mkondo ni uamuzi mzuri. Usiiunganishe na ardhi mahali pa pili kwa kudhani kwamba ardhi nyingi ni usalama zaidi wa kipimo.

Sasa amplifaya. Ukichukua LM358, chipu ya amplifaya ya kawaida ambayo inapatikana kila duka la vifaa vya elektroniki, utakuwa umeongeza kosa badala ya kuliondoa: volteji yake ya ndani isiyotakiwa huwa milivolti kadhaa, yaani mara kadhaa ya ishara yako yote, tena huhama kwa mikrovolti kadhaa kwa kila nyuzi ya joto. Zipo amplifaya zinazojisahihisha zenyewe maelfu ya mara kwa sekunde, ambazo kosa lake ni mikrovolti chache au chini ya hapo, na hizo ndizo zinazofaa ukilazimika. Lakini hata hizo haziwezi kujua kipi kimetoka kwenye waya na kipi kimetoka kwenye kibanio chenye joto; zitavikuza vyote kwa pamoja. Kwa zoezi lako, ampea 1 na swichi ya kugeuzia mkondo vitakugharimu kidogo na kukupa zaidi.

Kuna mipaka nisiyotaka uivuke. Ukisharekebisha haya, karakana yako itaweza kutofautisha waya kwa takriban asilimia 1, na hilo linatosha kufundishia na kumshauri mteja. Halitoshi kumshtaki mtu. Ukikuta shehena unayoitilia shaka, chukua sampuli ambazo hazijaguswa, pamoja na lebo na risiti, uzifikishe kwa Shirika la Viwango Tanzania, au KEBS, shirika la viwango la Kenya, kama uko huko, ambako vyombo vya kupimia vimelinganishwa na viwango vinavyotambulika na matokeo yake yanaweza kusimama mbele ya watu wengine. Multimita na kikinzani unachotumia kupimia mkondo navyo vikalinganishwe na maabara ya namna hiyo mara kwa mara, kwa sababu kugeuza mkondo hakurekebishi chombo kinachosoma asilimia 2 juu ya ukweli. Na kama waya unaoutilia shaka tayari umefungwa ndani ya nyumba ya mtu, usiwapeleke wanafunzi kuupima ukutani. Zima swichi kuu na umwite fundi mwenye leseni aukague, hasa kwenye viungio vya soketi za jiko na pasi, ambako waya mwembamba kuliko inavyotakiwa huanza kuunguza kabla haujaonekana popote pengine.